Mshona nguo anamshauri mfalme mambo ya vita, hii imekaaje?

msomaji_usiku:
Wakuu habari, naomba kueleweshwa. Nipo kwenye historia ya Nepal, nimefika kwa Prithvi Narayan Shah yule mfalme wa Gorkha, nikakutana na jamaa anaitwa Bise Nagarchi. Wanasema alikuwa anapiga ngoma kubwa za ikulu na huyohuyo ndo anamshonea mfalme nguo, tena ni Damai, tabaka ambalo wenye tabaka la juu hata maji ya mkononi mwake hawanywi. Sasa mtu wa hivo anapataje nafasi ya kumwambia mfalme fanya hivi? Na ngoma na sindano zinahusiana nini jamani?

Babu Kalamu:
Hizo kazi mbili huwa zinaenda pamoja kwa Damai wote mkuu, sio Bise peke yake. Harusi zina miezi yake, hapo wanatoka na zumari za sahanai, matarumbeta marefu yaliyopinda na ngoma, halafu kabla ya sikukuu ya Dashain kila mtu anataka nguo mpya basi ni kushona mpaka macho yaume. Na vijijini malipo yao hayakuwa hela, kila familia waliyoihudumia iliwapa nafaka wakati wa mavuno. Kinachonishangaza ni kwamba harusi bila muziki wao ilionekana haina baraka, ila wenyewe ndani ya nyumba hawaingii, wanashonea barazani.

Kuhusu nafasi, mpiga nagara, yaani hizo ngoma kubwa za ikulu, yupo ikulu kila siku. Anaona na anasikia mengi, watu wa hivo msiwadharau.

tembo_mkimya:
Ongezea kisa chenyewe. Jeshi la Gorkha lilipigwa Nuwakot, mji uliokuwa kwenye njia ya biashara ya Kathmandu na Tibet, hazina imekauka, mfalme amekwama. Inasimuliwa kwamba Bise ndo akamwambia kila nyumba itoe rupia moja, nyumba zilikuwa 12,000 hivo hesabu ni rahisi. Bunduki zikanunuliwa Banaras, mji wa India, na mwaka 1744 Nuwakot ikaanguka. Bonde la Kathmandu lenyewe lilikuja kutekwa lote 1769.

Babu Kalamu:
Hapo kwa rupia mimi naweka alama ya kuuliza. Kodi ya vita haipendwi popote, ila ukisema wazo limetoka kwa mnyonge kabisa nani atanung'unika? Hadithi tamu sana kwa mfalme hiyo. Mjukuu wa vita ile ile, yaani utawala uliokuja baadae, ndo ukaandika sheria ya 1854 iliyowapanga watu kwa matabaka na Damai wakawekwa kule chini kabisa. Ubaguzi huo sheria iliufuta 1963, na 2011 ikatungwa nyingine ya kuwaadhibu wanaoendelea nao. Kuendelea wanaendelea.

msomaji_usiku:
Asanteni sana wakuu. Sasa swali la kizushi, kila nyumba rupia moja, ni pamoja na nyumba za Damai?

tembo_mkimya:
Kisa kinasema kila nyumba mkuu, hakuna aliyesamehewa 😅