Jedwali la hisa za kampuni za kuhifadhi data tulilouziwa linapotosha

Wanajukwaa, salaam. Nimelipa ada ya darasa la uwekezaji kwa mwaka wa nne sasa, na jana usiku mwalimu wetu ametutumia tena jedwali lake la hisa za ukuaji (zinazotarajiwa kukua haraka) za kampuni za kuhifadhi data, ambamo Seagate, Western Digital, Micron na NetApp zimepangwa kwa kigezo kimoja tu, yaani bei ya hisa ikigawanywa kwa faida ya kila hisa. Mwenye uwiano mdogo amepakwa kijani, basi.

Kijani hicho ndicho kilichoniponza Mei 2022. Nilichukua fedha niliyoitenga kwa ajili ya kuezeka nyumba nikanunua hisa za Micron, kwa sababu jedwali lilionesha kwamba ni rahisi kuliko zote. Hakuna aliyetueleza kwamba biashara ya chipu hupanda na kushuka kwa mizunguko, na kwamba uwiano huwa mdogo pale faida inapokuwa kileleni, ikikaribia kuporomoka. Mapato ya Micron yalishuka kutoka dola bilioni 30.8 katika mwaka wa fedha 2022 hadi bilioni 15.5 mwaka uliofuata, ikapata hasara ya bilioni 5.8. Desemba 2022, mabati yalipohitajika, niliuza kwa hasara. Isitoshe, sehemu kubwa ya mapato ya Micron hutokana na chipu za kumbukumbu ya muda, ambazo hupoteza data umeme ukikatika. Sasa hiyo inalinganishwaje moja kwa moja na Seagate, inayoishi kwa diski ngumu?

Katika jedwali la jana, mstari wa Western Digital una mshale mwekundu kwenye Februari 2025, na pembeni pameandikwa "imeporomoka". Haikuporomoka! Tarehe 21 Februari 2025 ilijitenga na Sandisk, kampuni ambayo Western Digital iliinunua mwaka 2016, na kila mwenye hisa 3 za Western Digital alipewa hisa 1 ya Sandisk, hivyo thamani ya Sandisk ikatoka kwenye bei ya hisa ya Western Digital. Anayesoma mshale ule bila kujua hilo atauza kwa hofu, na Sandisk yenyewe haimo kabisa kwenye jedwali.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba kampuni hizi hazisimami upande mmoja wa soko. Bei ya chipu za flashi, zile zinazotunza data hata umeme ukikatika, ikipanda, Sandisk inayoziuza inaongeza mapato, ilhali NetApp, inayonunua chipu hizo ili kuunda mifumo yake ya kuhifadhi data, inaongezewa gharama. Kwa upande wa diski ngumu, ambako wamebaki watengenezaji 3 tu, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba, swali la mwekezaji ni nani anaongeza ujazo wa diski kwa gharama nafuu zaidi. Seagate ilizindua Mozaic 3+ Januari 2024, teknolojia inayopasha joto uso wa diski kwa leza wakati wa kuandika, ikavuka terabaiti 30 kwa diski moja. Jedwali halina hata safu moja ya jambo hilo.

Nimemwandikia mwalimu mara mbili, akanijibu kwamba wanaolalamika hawana subira. Nataka aliondoe jedwali, arekebishe mstari wa Western Digital, na anirejeshee ada ya mwaka huu. Aliye na nakala ya jedwali la 2022 naomba aiweke hapa, kwa kuwa lile la kwangu limefutwa kwenye kundi.