Naomba ushauri: ethanoli yangu haitulii kwenye kiwango cha kuchemka

Chipukizi: Ndugu wanajukwaa, nimebuni jaribio la kulinganisha viwango vya kuchemka vya maji, maji ya chumvi na ethanoli (aina ya alkoholi), mililita 50 kila kimoja, kwa kipimajoto kilekile. Maji yalitulia karibu na 100 °C, lakini ethanoli ilianza kuchemka kwenye 82 °C ikapanda hadi 87 °C, ilhali vitabu vinasema 78 °C. Ripoti inadaiwa kesho kutwa nami sijui nilipokosea.

Mzoefu wa Maabara: Kwanza, uliipashaje moto? Mvuke wa ethanoli hushika moto hata katika joto la kawaida la chumba. Nilipokuwa mwanafunzi, bika la mwenzetu liliwaka juu ya kichomeo, na tangu siku hiyo sijawahi kuipasha ethanoli kwenye mwali. Asiyejali usalama wa wenzake asiingie maabara.

Chipukizi: Neli yenye ethanoli ilikuwa ndani ya maji yanayochemka juu ya jiko la umeme. Swali langu ni la kipimo.

Msomaji Makini: Mimi naitilia shaka hadithi nzima. Kimiminika safi kikichemka katika kanieneo (mgandamizo wa hewa) isiyobadilika, joto lake hutulia. Ama takwimu hizi umezitunga, ama chupa ile haikuwa na ethanoli peke yake.

Chipukizi: Sikutunga. Ethanoli iliyobaki ilikuwa mililita 25, nikaiongezea maji hadi 50 ili ujazo ulingane. Jaribio la haki si linataka vigeu vingine, yaani mambo mengine yanayoweza kuathiri matokeo, visibadilike?

Mwalimu wa Kemia: Basi vipimo vyako ninaviamini. Katika mchanganyiko huo ethanoli hutoka na mvuke kwa wingi kuliko maji, na kadiri inavyopungua ndivyo joto linavyopanda. Ujazo hubadilisha muda wa kufikia mchemko, haubadilishi kiwango chenyewe. Mililita 25 zingetosha kwa vyote vitatu. Chumvi nayo uipime, maana gramu 58 katika kilo moja ya maji hupandisha kiwango kwa takriban nyuzi 1 tu, tofauti ambayo kipimajoto chako huenda kisiioneshe vizuri.

Chipukizi: Lakini ethanoli yote nimekwisha kuichanganya. Nilitaka kuandika 78 °C nimalize.

Mwalimu wa Kemia: Usiandike usichokiona. Kiite mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kisha uchore grafu ya joto dhidi ya muda, ya maji na ya mchanganyiko huo pamoja.