Ushauri: Harusi yetu ya Oktoba, Iowa City, imeangukia siku ya mechi

Binti Kigoma
Ndugu zangu salaam, na wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma na mchumba wangu ni wa Kalemie, nasi sote tunaishi Iowa City, katika jimbo la Iowa, Marekani. Mahari imekwisha kutolewa na kamati imeanza vikao. Baba mkwe anataka ndoa ifungwe Jumamosi moja ya katikati ya Oktoba mwakani, kwa sababu dada yake mkubwa, ambaye ndiye shangazi aliyemlea mchumba wangu, atakuwa amefika kutoka Lubumbashi na ataondoka mwanzoni mwa Novemba. Ukumbi tulioupenda, ulioko mji jirani wa Coralville, umebaki na Jumamosi hiyo peke yake kwa Oktoba nzima. Tulikuwa tunajiandaa kulipa arubuni ndipo mfanyakazi mwenzangu aliponieleza kwamba siku hiyo Hawkeyes, timu ya chuo kikuu, ina mechi ya nyumbani ya mpira wa Kimarekani. Zaidi ya nusu ya wageni wetu watatoka Texas, Ohio na Kentucky, nao watahitaji kulala hotelini. Je, tuendelee, au nimwombe baba mkwe tubadilishe tarehe? Ni mtu ninayemheshimu sana, na nisingependa aone kwamba namkaidi kabla hata sijaingia nyumbani kwake.

Mama Coralville
Marahaba mwanangu, na hongera. Arubuni hiyo usiilipe. Ukumbi kubaki wazi Jumamosi moja tu ya Oktoba si bahati. Wenyeji wanaoijua ratiba wameikimbia siku hiyo. Sensa ya mwaka 2020 iliikuta Iowa City na wakazi 74,828, na uwanja wa Kinnick, ambako Hawkeyes huchezea, peke yake unachukua watu 69,250, kwa hiyo siku ya mechi ni kana kwamba mji wa pili umehamia juu ya ule wa kwanza. Hoteli hupandisha bei, nyingi hudai ulipe usiku mbili hata kama unalala mmoja, na wazazi wa wanafunzi pamoja na wahitimu wa zamani huwa wamekwisha kuvishika vyumba.

Linalonitia hofu zaidi ni saa. Tarehe ya mechi hujulikana mapema, lakini saa ya kuanza huamuliwa kwa kufuata matakwa ya televisheni, na kwa mechi nyingi za Oktoba Big Ten, ligi ya vyuo ambamo Hawkeyes hucheza, huitangaza siku 12 kabla, wakati mwingine siku 6 tu. Mechi inaweza kuanza saa tano asubuhi, saa nane na nusu mchana, au hata saa kumi na mbili na nusu jioni. Sasa chukua mfano kwamba kadi zenu zimekwisha kuwafikia watu, na zinasema ibada ni saa nane mchana. Mechi ya saa tano huchukua kiasi cha saa tatu na nusu, maana yake mashabiki watakuwa wanamiminika barabarani wakati ule ule ambao maharusi wanatoka kanisani. Ikiwa ni ya jioni, Melrose Avenue, barabara inayopita kando ya uwanja, huwa imejaa tangu mchana: wenye nyumba wamesimama kando ya barabara na vibao vya kuuza nafasi ya kuegesha gari juu ya nyasi zao, majiko ya nyama yanafuka moshi, na watu waliovaa nyeusi na manjano, rangi za timu, wanavuka barabara kwa makundi. Hakuna saa ya ibada mnayoweza kuichapisha leo mkawa na hakika kwamba ni salama.

Mwana wa Columbus
Nathibitisha hayo kutoka Ohio, ambako uwanja wa chuo chetu unachukua watu zaidi ya 100,000. Nilihudhuria harusi iliyofanyika siku ya mechi, na gari lililobeba pilau lilifika ukumbini baada ya maharusi kuingia na wageni kukaa muda mrefu bila chochote mezani. Mama wa bibi harusi alilia, na wala hakuwa na kosa.

Mzee wa Kamati
Naomba kutofautiana kwa heshima. Shangazi aliyemlea mtoto ni mama, na viza ya kutoka Lubumbashi si jambo la kupatikana mara mbili. Harusi haiwezi kumwacha yeye kwa ajili ya mpira. Kwa nini msifunge ndoa Jumapili ya wikendi hiyo hiyo?

Mama Coralville
Mzee wangu, kuhusu shangazi tuko pamoja, na tarehe yoyote asiyokuwapo tuifute. Lakini mgeni wa Jumapili hulala Jumamosi, katika vyumba vile vile vyenye bei ya mechi, na wanaorudi Texas kwa gari watakosa kazi ya Jumatatu. Tena Jumapili haina dhamana: tarehe 15 Oktoba 2023 timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo hicho hicho ilichezea ndani ya Kinnick, na watu 55,646 walihudhuria.

Dereva wa I-80
Dada, tafuta katika ratiba Jumamosi ambayo Hawkeyes wanacheza ugenini, au ile ya mapumziko ambayo hawachezi kabisa, maana ndani ya Oktoba kwa kawaida hukosi angalau moja. Siku hizo mji hutulia na maegesho hupatikana. Kama kumbi za hapa zimejaa, ulizieni Cedar Rapids, ambako ni kama nusu saa kwa gari na ndiko uliko uwanja wa ndege ambao wageni wenu wengi watashukia. Msije mkakimbilia wikendi ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba, kwa kuwa watu wako likizo: Ijumaa yake kuna mechi na timu ya chuo cha Nebraska, na mwaka 2022 na 2024 ilichezwa hapa hapa.

Binti Kigoma
Ninawashukuru sana. Nimeitazama ratiba, na Jumamosi ya mwisho ya Oktoba timu iko ugenini, naye shangazi atakuwa bado yupo. Kesho tutapiga simu Cedar Rapids. Limebaki la baba mkwe.

Mzee wa Kamati
Hapo mimi nimeridhika. Kwa baba mkwe usiende wewe, binti yangu. Mtumeni mshenga yule yule aliyepeleka mahari, afuatane na mchumba wako, na wabebe ratiba pamoja na bei za hoteli za wikendi zote mbili. Waanze na habari ya shangazi, kwamba tarehe mpya imechaguliwa ili naye awepo na asihangaike njiani. Mzee akilisikia hilo kwanza, la mpira litakuwa dogo.

Mama Coralville
Nami naongeza hili, kwa sababu limewahi kuwashtua wengi: Iowa hutoa leseni ya ndoa baada ya kusubiri siku tatu za kazi, kwa hiyo msiende kuiomba Alhamisi ya wiki ya harusi. Nendeni mapema mwezi huo, na mchukue shahidi mmoja mtu mzima anayewafahamu.