Pai ya malenge kwa wazungu wangu, niko na siku nne tu, naomba ushauri

Baraka_Mpole (mwenye uzi)
Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie haraka na bila matusi tafadhali. Mimi nafanya kazi ya jikoni kwa familia ya wamisionari hapa Lavington, watu wazuri sana, mzee ni mchungaji anafundisha chuo cha Biblia, mama yuko na watoto wanne wake na wengine wa kanisa wanaoshinda hapo. Sasa Jumatatu wana sherehe yao ya Thanksgiving, ya kushukuru kwa mavuno, wageni kumi na wanne. Kutakuwa na kuku wawili wakubwa (bata mzinga mama ameskia bei akacheka), viazi vya kuponda, na pai tatu za malenge. Hayo mengine naweza. Shida ni pai. Kwao malenge inakuja kwa mkebe ikiwa imeshasagwa wanafungua tu, hapa huo mkebe niliuona supamaketi moja na bei yake unanunua malenge za kulisha ploti nzima. Jana usiku nimejaribu kwangu, malenge nikaichemsha, alafu nikaoka sufuria ndani ya sufuria na mchanga chini kama tunavyooka keki. Ndani ikatoka uji, ganda likawa gumu kama kigae. Nani anajua ganda la pai linalovunjika vizuri mdomoni, na malenge isiwe majimaji?

MpishiWaNgara
Kosa la kwanza umechemsha malenge. Malenge yetu ina maji mengi, ukiichemsha unaongeza mengine. Ipasue katikati, toa mbegu, ilaze kifudifudi kwa trei uioke mpaka kisu kiingie bila kusukuma, kwangua, ponda, alafu ifunge kwa kitambaa safi uining'inize juu ya bakuli usiku kucha. Asubuhi utashangaa maji yaliyo kwa bakuli. Maziwa chemsha polepole mpaka yabaki nusu. Viungo ni mdalasini, tangawizi ya unga, karafuu kidogo SANA na kungumanga. Hiyo harufu wazungu huita ya malenge ni ya viungo, malenge yenyewe haina harufu kubwa. Kwa sukari ya brauni tumia sukari nguru, ikwaruze.

Jamaa_wa_Stage
Nenda Kawangware uulize sukari nguru kilo tatu uone kama hutaletewa chifu akidhani unapika chang'aa, na mitungi ya ushahidi 😂😂

MwalimuMstaafu
Kuna jambo hamjaligusa. Nairobi iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwa nyuzi kama 94 tu badala ya 100. Ndiyo maana keki ya kitabu cha kutoka nje inafura vizuri alafu inaporomoka katikati, beking pauda inazidi nguvu. Punguza kama robo. Pia angalia nyuzi za oveni. Vitabu vyao vinaandika Farenhaiti. 350 yao ni kama 175 yetu, 425 ni karibu 220.

Baraka_Mpole
Mwalimu ungekuwa umeniambia hii miezi saba iliyopita. Wiki ya kwanza karatasi ilisema 350, oveni yao inaishia 250, nikazungusha mpaka mwisho nikaomba Mungu asaidie hiyo mia iliyobaki. Moshi ulitoka mpaka askari wa geti akaja na ndoo. Alafu kuna siku mama alisema anataka "biscuits" za kula na supu nikaenda dukani nikaleta zile za glukosi nikazipanga kwa sahani vizuri. Kumbe kwao ni kitu kama skonzi. Watoto walizitumbukiza kwa supu wakakula, wakasema asante. Na kuna mahali wameandika siagi "stick" mbili, mimi nilitafuta kijiti.

MpishiWaNgara
Hiyo moja ni gramu 113. Mbili ni kama pakiti ya gramu 250 ukitoa kijiko kikubwa kimoja na nusu hivi.

Wa_Kijabe
Umenikumbusha shosho yangu. Alipika kwa wamisionari Kijabe miaka mingi, pale ambapo misheni ilihamia 1903 na ile shule ya watoto wao ikaanza 1906, Roosevelt mwenyewe, aliyekuwa rais wa Marekani, akaja kuweka jiwe la msingi 1909. Shosho hakujua kusoma Kiingereza lakini alipika pai kwa macho. Kulikuwa na msimu tufaha hazipatikani, akachukua papai bichi, akakata nyembamba, ndimu, sukari, mdalasini, akafunika na ganda. Wakala wakauliza tufaha zimetoka wapi. Akasema shambani. Hakudanganya. Mpaka leo nyumbani tukila kitu hatukielewi tunaulizana "hii imetoka shambani?" Bado anaishi, ana miaka tisini na kitu, na bado akiona mtu anakanda unga wa pai kama wa chapati anampiga mkono.

MamaMchungaji_Rongai
Watu wanafikiria mmisionari ni mzungu tu. Sisi kanisa letu lilitutuma Uingereza, mume wangu, mimi na watoto wawili, tulikaa Birmingham miaka sita. Mwezi wa kwanza nilikuwa naota ugali, si mchezo, naamka nikitafuna. Unga mweupe haukuwa karibu na sisi, nikanunua semolina, inashikana lakini ukimeza haishuki kama ugali, inateleza tu. Alafu nikapata unga wa mahindi wa njano kwa duka la Wajamaika. Mimi nilikuwa mtoto 1984 ile njaa ya mahindi ya njano kutoka Marekani, nilikuwa nimeapa sitawahi kula tena, na nikaula. Sukuma nilipata kitu kinafanana kwa Wahindi sokoni. Siku dada yangu alikuja na pakiti mbili za unga kutoka hapa nikapika nikilia, kijana wangu wa miaka mitano akaangalia sahani akauliza, "Mum, mbona ugali ni mweupe?" Akakataa kula. Kwa hivyo huyo mama wako ukimwona anahangaika na malenge, mwelewe.

Jamaa_wa_Stage
Mama mchungaji umeniliza na niko ndani ya matatu

Kimya_Kingi
Swali kwa mwenye uzi. Umesema miezi saba. Pai hawajawahi kula miezi yote hiyo? Na kama walikula, nani alipika? Mbona mama mwenyewe asikuonyeshe?

Baraka_Mpole
Wamekula. Hiyo si muhimu, muhimu ni ganda.

Kimya_Kingi
Naona ni muhimu.

DadaMkali
Aki jibu. Sisi hapa hatukujui, hakuna wa kukufuta kazi.

Baraka_Mpole
Sawa. Lakini msinihukumu. Wakati nilienda kuomba hii kazi nilisema nimepikia wazungu miaka minane. Sikuwa nimepikia hata mmoja. Barua niliandikiwa na binamu. Sasa nina jirani hapa kwetu Kawangware, mama mtu mzima, huyo ndiye amepikia wamisionari kweli, miaka ishirini, mpaka wakarudi kwao. Anajua tortila, anajua pai, anajua kila kitu. Kwa hivyo nikawa jioni nampelekea unga na siagi, anakanda, asubuhi natembea nayo kwa kontena nikifika naweka kwa friji na kusema nimekanda usiku ili ulale. Ambayo ni kweli, unatakiwa ulale. Mimi nasukuma na kuweka kwa oveni. Shida ni kwamba mama amependa hilo ganda mpaka amemwandikia mama yake, na juzi amesema Jumapili baada ya kanisa tutaingia jikoni pamoja, mimi nimfundishe msichana wake wa miaka kumi na tatu. Nikimwangalia huyo mtoto ameshatafuta daftari. Na jirani ameenda ushago Vihiga kwa matanga.

DadaMkali
Wooooi

Mlokole_Umoja
Ndugu, uongo una miguu mifupi. Kwa nyumba ya watumishi wa Mungu! Nenda ukatubu, hao ni watu wa neema, watakusamehe.

Jamaa_wa_Stage
Watamsamehe alafu watamtafuta mwingine. Msamaha na mshahara ni idara mbili tofauti

Baraka_Mpole
Siwezi kusema. Nina watoto wawili shule. Na nimeshapanga. Kuna mtu anaoka Kileleshwa nimempa dipoziti elfu mbili na mia tano, ataleta pai tatu Jumapili usiku nizihamishe kwa vyombo vya mama. Na hiyo ya kufundisha, leo asubuhi nimeenda na bandeji kwa mkono wa kulia, nimesema nimeungua. Kwa hivyo sitaweza kukanda, nitakuwa nasema tu kwa mdomo. Nilitaka tu kujua vile mnafanya ndio niseme kwa uhakika.

MpishiWaNgara
Ngoja. Bandeji umeweka KABLA ya kuja kuomba ushauri?

Baraka_Mpole
Nilikuwa nataka kuwa na mpango wa pili.

Mjuaji_Mkuu
Nyinyi mnachezewa akili na mnafurahia. Hebu hesabuni. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, iko kwa sheria ya Marekani tangu 1941. Huyu anasema Jumatatu, na leo ni Oktoba. Hiyo ni moja. Pili, Baraka huyu huyu mwezi wa tatu aliuliza hapa bei ya giaboksi ya Probox na akasema yeye ni dereva na mke wake amemtoroka, skrinshoti ninayo. Leo ni mama wa watoto wawili na bandeji. Hakuna malenge, hakuna mzungu, kuna mtu amekaa kwa sofa anatunga.

DadaMkali
Eeh hata mimi hiyo ya bandeji ilinishinda

Jamaa_wa_Stage
Kwani giaboksi alipata?

Mlokole_Umoja
Kama ni uongo basi ni uongo juu ya uongo. Mimi nimeshaomba juu ya hii mambo nikiwa nimefunga.

Baraka_Mpole
Mjuaji, soma tena nilichoandika, kuna mahali nimesema ni Wamarekani? Ni watu wa Kanada. Kwao ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, kuna kalenda kwa friji yao imezungushiwa na kalamu nyekundu. Na akaunti ni ya kaka yangu, Probox ni yake, mke alimtoroka ni ukweli na sasa umenifanya niandike mambo yake hapa, simu ni yake pia mimi naitumia usiku akilala. Giaboksi bado.

Mzee_wa_Nyangori
Kwa hiyo ya Kanada anasema ukweli. Wamisionari wa Pentekoste waliokuja kwetu Nyang'ori miaka ya 1920 walikuwa chini ya kanisa la Kanada. Na hiyo sikukuu yao kweli ni Oktoba, huko baridi inaingia mapema, mavuno yanaisha mapema.

Mjuaji_Mkuu
Mtu anaweza kutafuta hiyo kwa simu dakika mbili.

Kimya_Kingi
Mimi sijali kama ni kweli. Nauliza hivi, Vihiga kuna mtandao. Mbona usimpigie jirani akueleze kwa simu?

(baada ya saa mbili)

Kimya_Kingi
Ulikuwa unamlipa ngapi?

Baraka_Mpole
Mia mbili kwa kila kontena. Na unga ni wangu, siagi ni yangu.

Kimya_Kingi
Na mama alikuongeza mshahara?

Baraka_Mpole
Elfu tatu kwa mwezi. Tangu Juni. Alisema ni kwa sababu ya pai. Lakini ni mimi natembea nayo asubuhi, ni mimi naosha vyombo, ni mimi nikishikwa nafutwa. Jirani aliskia juu ya hiyo elfu tatu kutoka kwa kaka yangu, huyo mdomo hauna breki, na tangu hapo hashiki simu yangu.

DadaMkali
Sasa ndio tumefika. Kumbe malenge haikuwa na shida yoyote.

Wa_Kijabe
Shosho yangu nimemsomea huu uzi wote. Amesema mia mbili hata kwa wakati wake ilikuwa matusi. Alafu ameuliza huyo mama alipikia familia gani, nimemwambia sisi hatutaji watu.

MpishiWaNgara
Mimi nitakujibu la ganda kwa sababu ndilo uliuliza, mengine utajua. Kikombe kimoja na robo cha unga wa ngano kwa ganda moja, chumvi. Siagi nusu kikombe, iwe imetoka friji, si Blue Band iliyokaa mezani. Ikate vipande, ifikiche na unga kwa ncha za vidole, usimalize, zibaki punje kama mbaazi. Maji ya barafu vijiko vitatu, vinne. Kusanya tu ishikane. Usikande. Kila mtu aliyekulia kwa chapati anakanda, ndio maana lako lilikuwa kigae. Kwa friji saa moja. Oveni 220 dakika kumi na tano za kwanza, alafu teremsha 175 dakika arobaini na kitu, katikati ibaki inatikisika kidogo.

Baraka_Mpole (Ijumaa, saa tano usiku)
Nimetoa bandeji ndio nifanye mazoezi. Nimemtumia jirani elfu moja mia tano kwa simu. Amezirudisha. Alafu ameandika neno moja, "Zote."

Kimya_Kingi
Juni, Julai, Agosti, Septemba. Elfu kumi na mbili.

Baraka_Mpole
Wa Kileleshwa amekataa kurudisha dipoziti.

DadaMkali
Hilo ni lako.

Baraka_Mpole (Jumamosi, saa nne usiku)
Nimekopa kwa chama nikatuma sita, sita zingine mwisho wa mwezi, amesema sawa. Hajasema kingine. Ganda la pili nimelisukuma limepasuka pembeni, nimeweka picha hapo chini. Nikande tena?

MpishiWaNgara
USIKANDE. Kata kipande, lowesha kidole, ziba.

Mjuaji_Mkuu
Hiyo picha ni ya mtandaoni.

Jamaa_wa_Stage
Picha ya mtandaoni ikiwa na jiko la makaa na kandambili za kijani?

Baraka_Mpole
Amepiga sasa hivi. Anashuka Kangemi kesho saa nne asubuhi, ana malenge sita za shambani kwao kwa gunia, ameuliza nani atambebea.

Mjuaji_Mkuu
Bado nasema ni hadithi. Lakini hiyo ya kuoka na mchanga, mchanga mnauosha kwanza ama?