Bibi anapanda ndege peke yake, naweza kumsindikiza hadi ndani?

Wakuu, naomba ushauri.

Bibi yangu, miaka 78, Jumamosi anarudi Bukoba kwa ndege, mara yake ya kwanza. Hasomi, sikio moja halisikii, na pochi ameifunga kwa pini tatu kiunoni. Sijui pale kwenye mashine ya ukaguzi atazifungua saa ngapi. Mimi nitaishia mlangoni.

Marekani, kabla ya Septemba 11, 2001, hata asiye na tiketi aliweza kufika hadi geti la kupandia ndege, na siku hizi baadhi ya mashirika humpa msindikizaji wa mzee au mtoto kibali. Hapa Dar kuna aliyewahi kuruhusiwa? Au niombe kiti cha magurudumu, apate mhudumu wa kumsukuma? Shida anatembea vizuri tu, akikiona atanuna safari nzima.