Bili ya mama: nilipe yaishe au nibishe?

Kutoka: Mdogo wenu, Muscat

Assalaam alaykum wana Kusini. Mama aliteleza uani, mkono ukavunjika. Wakampeleka hospitali moja ya binafsi pale Mtwara mjini, akafungwa plasta, akalazwa. Usiku vidole vikavimba, akilalamika anaambiwa "vumilia bibi, ni kawaida". Plasta imekuja kupasuliwa asubuhi, tena baada ya binamu kupiga kelele wodini. Sasa wanadai 1,140,000 na tulishatanguliza 500,000. Mjomba hanipi pumzi, anataka nimtumie iliyobaki leo hii, eti mama hatoki bila hiyo. Mimi kwa uzembe ule sitaki kutoa hata senti. Nishaurini.

Kutoka: Shangazi, Shangani

Wa alaykum salaam mwanangu. Mpe mama pole nyingi. Mimi nimestaafia dirisha la malipo la hospitali, kwa hiyo nakwambia mambo ya upande wa ndani wa kioo.

Una magomvi mawili na umeyachanganya. Bili ni moja, plasta ni jingine. Mkienda dirishani mkasema hamlipi kwa sababu mama ameteswa, mhasibu atawasikiliza kwa adabu kisha atawaandika wadaiwa, kwa sababu hana amri juu ya nesi wala daktari. Lakini mkimwambia, "Hapa mmeandika eksirei tatu, tuonyesheni picha tatu," hapo itabidi ainuke kitini akatafute.

Mjomba aombe mchanganuo: tarehe, huduma, idadi, bei. Bili ya mstari mmoja, "matibabu na kulazwa", msiilipe. Mkiupata, kaeni na binamu aliyekuwa wodini mpitie mstari kwa mstari. Kitanda kwanza: aliingia lini, ameruhusiwa lini, wao wanahesabu usiku au tarehe? Ada ya bingwa: imeandikwa kila siku, naye alipita mara ngapi? Faili litasema, maana daktari akimwona mgonjwa huandika na kusaini. Halafu dawa. Sindano iliyotolewa famasi isitumike hurudishwa, na nimeona nyingi zikirudi kwenye rafu bila kurudi kwenye bili. Glavu nazo, mtu mmoja anaandikiwa boksi zima!

Si wizi kila mara. Wodi ina daftari lake, famasi ina lake, na anayejumlisha anajumlisha mgonjwa keshavaa viatu. Msimu wa malipo ya korosho ndiyo kabisa: watu wana hela, wanalipa bila kusoma, nasi tulikuwa tunapokea tu.

Kisicho na ubishi kilipeni leo. Kwa kinachobishaniwa andikeni barua kwa mganga mfawidhi, mkitaja mistari yenyewe, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kumtoa, ombeni ahadi ya malipo kwa maandishi, na ulizeni kama kitanda bado kinahesabiwa wakati mnabishana, maana wengi wanalipia usiku wa kusubiri pesa. Ingekuwa hospitali ya serikali ningewatuma ustawi wa jamii.

Pesa usimtumie mjomba. Sisemi ni mwizi, nasema risiti itatoka kwa jina gani? Ilipwe kwenye namba ya hospitali, na anayelipa asome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu, asimamishe. (Serikalini mnapewa namba ya malipo inayoanza na 99. Asiyekupa hiyo usimpe hela.)

Sasa plasta. Vidole vikivimba, vikapoa au kufa ganzi, plasta hulegezwa hapo hapo, haisubiri kukuche. Mna haki ya kulalamika. Mama mwenyewe aombe nakala ya faili na picha za eksirei. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kupata taarifa zake. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Malalamiko yaende kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Ya daktari yana Baraza la Madaktari Tanganyika, ya nesi yana Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hao wanamwajibisha mtu, hawarudishi hela. Anayetaka fidia aende mahakamani, na madai ya madhara ya namna hii mwisho wake ni miaka 3.

Kutoka: Kaka, Ohio

Mlipe yaishe. Mji mdogo huo, kesho mama akiugua atarudi pale pale na watamkumbuka. Ingawa kusema kweli hata huku Marekani bili ya hospitali siilipi kabla ya kupata mchanganuo.

Kutoka: Shangazi, Shangani

Umejijibu mwenyewe mwanangu. Na ndiyo maana nikasema barua, sikusema matusi.

Kutoka: Mdogo wenu, Muscat

Mchanganuo ulitoka baada ya mjomba kukaa kwenye benchi nusu siku. Picha ya eksirei ni moja, mbili zimefutwa, 70,000. Bingwa amefutiwa siku mbili ambazo hazina saini, 80,000. Usiku mmoja wa kitanda, 60,000. Badala ya 640,000 nimelipa 430,000, jina la hospitali likatokea, na mama yuko nyumbani. Mjomba amenuna kidogo.

Kuhusu plasta, mama hataki nesi afukuzwe kazi. Anataka aulizwe tu kwa nini hakumwita daktari usiku ule. Barua imeandikwa hivyo hivyo alivyosema na ameweka dole gumba. Shangazi, nakala ngapi?

Kutoka: Shangazi, Shangani

Tatu. Ya mganga mfawidhi, ya Mganga Mkuu wa Mkoa, na yenu yenye muhuri. Binamu apeleke asubuhi, mchana mtu wa masjala huwa hayupo.