Nimebaki na watu 6 kati ya 21: kikosi chetu cha kuzima moto kinakufa, naombeni ushauri

Mwenyekiti_Mau
Hamjambo wadau. Niko huku juu Mau, Kaunti ya Nakuru, kijiji kimoja upande wa Molo ambacho sitakitaja. Nyumba zetu ni za mbao, jikoni za mbao, hata choo ni mbao. Moto ukishika kwa mtu saa tatu usiku, saa tatu na robo umeshabisha hodi kwa jirani. Gari la zimamoto linatoka mjini, na mvua ikinyesha barabara yetu inakuwa matope ya kumeza trekta. Kwa hivyo mwaka jana tuliunda kikosi chetu wenyewe. Vijana 21, wa kujitolea, hakuna mshahara. Tulichanga tukanunua pampu ya petroli na mpira wa maji, kila mtu akapewa filimbi na fulana ya reflekta, mimi nikachaguliwa mwenyekiti.

Miezi minne mambo yalienda sawa. Sasa nikiita mazoezi Jumamosi wanakuja 6, na wawili kati yao ni wanangu. Wengine hata simu hawashiki. Swali langu ni moja tu: nitawarudisha vipi? Niwape kitu kidogo cha soda? Niweke faini ya kukosa mazoezi? Naomba mawazo, si matusi.

Dala_Lakeside
Faini kwa mtu anayekufanyia kazi bure! Mwenyekiti, wewe ungefaa sana bungeni.

Lakini tuongee ukweli. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kuzima moto ni kazi ya kaunti, imeandikwa wazi. Mbona mnabeba mzigo wa mtu mwingine halafu mnalia mgongo unauma? Andikeni barua kwa MCA wenu, mwakilishi wa wadi, mdai gari liwekwe karibu.

MamaViazi
@Dala_Lakeside barua iandikwe, sawa. Lakini jedwali halizimi moto. Sisi huku Kuresoi moto ulishika kwa jirani yangu saa nne asubuhi. Wanaume wote walikuwa wameenda, huyu boda, huyu sokoni, huyu kibarua. Tulikuwa wanawake saba na mzee mmoja mwenye fimbo. Nyumba yenyewe tuliiacha, ilikuwa imekwisha. Tulichofanya ni kung'oa ua wa mbao uliounganisha ile nyumba na ya pili, tukalowesha magunia tukayatandaza juu ya mabati ya jikoni. Nyumba ya pili ilibaki. Sasa mwenyekiti nikuulize, kati ya hao 21 wanawake walikuwa wangapi? Usinijibu, najua.

Mjomba_Webuye
Vijana wa siku hizi ni simu na kubeti. Zamani nduru ikipigwa hata mlevi aliamka, na hakuna aliyeuliza atalipwa nini. Mtu alitoka na ndoo, mwingine na tawi la mti. Leo unapiga nduru wanatoka kurekodi video. Hakuna dawa hapo, mwenyekiti, subiri kizazi kingine.

Mwenyekiti_Mau
@MamaViazi hawakuwepo. Nimelisikia.

@Mjomba_Webuye nduru huku kwetu ina historia yake. Usiku wa kwanza tulipopiga filimbi za majaribio, mama mmoja alifungasha watoto akashika njia ya barabara kuu, alidhani yale mapigano ya uchaguzi ya 2008 yamerudi. Tulimkuta kwenye baridi na blanketi moja. Tangu siku hiyo tuliacha filimbi usiku, tukatundika ringi ya lori pale shuleni, inagongwa kwa chuma. Kila mtu anajua ringi ni moto, si vita. Kwa hivyo kuamka watu wanaamka. Shida ni kubaki.

Dereva_Salgaa
Nyinyi mnaongea juu ya pampu. Mimi niache niseme hili. Tarehe 31 Januari 2009 nilikuwa turnboy, msaidizi wa dereva wa lori, tulipita Sachang'wan jioni ile lori la mafuta likiwa limeanguka. Watu na mitungi, watu na ndoo, watoto wa shule. Dereva wangu alikataa kusimama, nilimtukana kimoyomoyo kwa sababu niliona petroli ya bure ikimwagika. Hatukuwa tumefika mbali moto ulipolipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa pale. Mpaka leo nikisikia kikosi cha kuzima moto nauliza jambo moja: nani kazi yake ni kuwafukuza watu? Maana moto mwingine hauna la kuzima, una la kukimbia tu, na anayesema "rudini nyuma" lazima awe mtu ambaye kijiji kinamwogopa kidogo. Sisi hatukuwa na mtu wa hivyo siku ile.

Mjomba_Webuye
Pole sana ndugu. Hiyo barabara imekula watu.

Msafiri_Hamburg
Nimeishi Ujerumani miaka kumi na moja. Huku wazima moto wa kujitolea ni karibu milioni moja, na vijiji karibu vyote vinawategemea. Kengele ikilia mtu anatoka kazini kwa ruhusa ya sheria na mshahara haukatwi. Chile ndiyo zaidi, wazima moto wao ni wa kujitolea, tangu Valparaíso 1851. Kwa hivyo msiseme bila pesa watu hawakai.

Mimi mwenyewe nilijiunga hapa mtaani. Wanaondoka wachache wachache: mtu amehama, mtu ameoa. Watu 15 hawaondoki pamoja kwa sababu ya soda. Mwenyekiti, baada ya mwezi wa nne kulitokea nini?

Mwenyekiti_Mau
Hakuna kitu kikubwa. Kulikuwa na moto mmoja, kijana mmoja akaumia kidogo, akatibiwa. Mambo ya kawaida kwenye kazi hii. Turudi kwa swali langu.

Dala_Lakeside
"Kidogo" ya mwenyekiti inapimwa kwa mizani gani?

Nesi_Mstaafu
Aliungua wapi, na alilazwa siku ngapi?

Mwenyekiti_Mau
Bega na mgongo wa juu. Siku 19.

Sawa, nieleze vizuri ili msinifikirie vibaya. Moto ulikuwa kwa nyumba yenye kisima, kisima cha futi 60, tukaweka pampu pale. Kijana akashika mpira karibu na ukuta, mimi nikiwa kwenye pampu. Paa likashuka upande wake. Cheche zilimwangukia begani, ile reflekta ikayeyuka ikashikana na ngozi. Kijiji kilichanga Sh46,000. Bili baada ya SHA, bima ya afya ya serikali, ilibaki Sh29,000, tukalipa yote. Ile Sh17,000 iliyobaki pamoja na yangu Sh23,000 nimeitoa kama malipo ya kwanza ya pikapu ya mitumba ya kubebea tangi la maji. Kitabu cha gari kitakuwa kwa jina langu kwa sababu kikundi hakijasajiliwa bado.

Wengine wanasema zile pesa zilikuwa za kijana. Mimi nasema bili ililipwa, na pikapu itaokoa wengi. Ningengoja kamati ikae mara tano? Muuzaji alikuwa na mteja mwingine.

MamaViazi
Wuui. Mwenyekiti.

Dala_Lakeside
Sasa tumefika nyumbani. Swali lilikuwa "nitawarudisha vipi", jibu liko kwenye kitabu cha gari.

Nesi_Mstaafu
Mengine mtayaongea, mimi niseme la kazi yangu. Reflekta za boda ni plastiki, zikipata moto zinayeyuka. Moto unaendewa na ovaroli ya pamba au koti la sufu, hata kama ni kuukuu. Na mtu akiungua ni maji safi ya kawaida yakitiririka kwa dakika 20. Si yai, si dawa ya meno, si siagi. Mlimpaka nini?

Mwenyekiti_Mau
Yai.

Wakili_Mtaani
Ongezeni hili. Sheria ya fidia za kazini ya 2007, ile WIBA, inamlinda aliyeajiriwa. Huyo kijana hana mwajiri, kwa hivyo kwa sheria hiyo hana pa kudai. Akikosa kibarua miezi mitatu, yale mliyomchangia ndiyo fidia yake yote. Zile 17,000 zilikuwa unga. Mjisajili kama kikundi cha jamii, mtafute bima ya ajali ya pamoja, na kabla hamjanunua hata ndoo kila mwanachama awe amelipa SHA ya mwaka. Kwa asiye na mshahara cha chini ni Sh300 kwa mwezi.

Fundi_Bomba
Samahani, mimi nimesoma uzi wote na naona tunachezwa. Nafunga pampu miaka 16, Njoro mpaka Olenguruone. Hakuna pampu ya petroli ya kuweka juu ya ardhi inayotoa maji kwa kisima cha futi 60. Hakuna. Pampu ya juu inaondoa hewa tu kwenye bomba, uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Pale Mombasa, hata pampu iwe ya dhahabu, mwisho ni mita 10 na kidogo. Molo ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hesabu ya kitabu haifiki hata 8, na kwa kazi ya kweli shukuru ukipata 5 au 6. Futi 60 ni mita 18.

Kwa hivyo hicho kisima, hiyo pampu na huo moto havijawahi kukutana. Kesho utaona namba ya kutuma mchango wa pikapu.

Mjomba_Webuye
Hata mimi nilishtuka na hiyo ringi ya lori. Ilikuwa tamu sana.

Dala_Lakeside
Mwezi uliopita kuna mwingine alituletea ng'ombe aliyepigwa na radi, tukachanga, kumbe picha ni ya India. Mods, fungeni huu uzi.

MamaViazi
Mtu wa kutunga angekubali kwamba alipaka yai?

Dereva_Salgaa
Ringi ni kweli, shule nyingi huku zinatumia ringi. Ya pampu sijui.

Msafiri_Hamburg
Mwenyekiti, Fundi amekuuliza. Jibu.

Mwenyekiti_Mau (kesho yake, saa kumi na moja alfajiri)
Sikulala.

Fundi amesema ukweli. Pampu haikutoa maji. Iliunguruma tu.

Siku tuliyoinunua huyo kijana aliniambia. Baba yake alikuwa mchimba visima, akasema "Mzee, hii ni ya kuvuta mtoni, kisimani haitafika." Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba shule haikumsaidia, asitufundishe. Usiku wa moto aliniuliza tena kama kuna maji. Nikamwambia shika mpira, yanakuja. Alisimama pale karibu na ukuta na mpira mkavu, sijui dakika ngapi, nami navuta kamba ya pampu. Paa likashuka.

Wenzake walisikia nilivyomwambia, mara zote mbili. Hiyo ndiyo sababu simu hazishikwi. Ya pikapu ilikuja juu yake.

Nilisema kisima mara moja tu humu nikidhani hakuna atakayeona.

MamaViazi
Umemwona tangu atoke hospitali?

Mwenyekiti_Mau
Mara moja. Nilipeleka risiti ya bili.

Fundi_Bomba
Nimekuita mwongo, nakuomba radhi kwa nusu yake.

Sikiliza. Hiyo pampu si mbaya, iko mahali pabaya. Kwanza pima kwa kamba na jiwe maji yako futi ngapi, kina cha kisima si hoja. Kama una bwawa la ng'ombe au kijito karibu, iweke mita tatu au nne juu ya maji, itafanya kazi vizuri. Kwa nyumba zilizo mbali, mapipa ya lita 200 yaliyojazwa kutoka paani yanashinda pikapu iliyokwama kwenye matope. Na usishike mpira kabla maji hayajatoka mdomoni mwake. Huo ujumbe uandike kwa rangi kwenye ukuta wa shule.

Wakili_Mtaani
Na 17,000 irudi kwa familia ya kijana. Za pikapu mwenyekiti amdai muuzaji mwenyewe, familia isisubiri.

Mwenyekiti_Mau
Muuzaji anasema malipo ya kwanza harudishi, labda nipate mtu wa kuchukua gari kwa bei ile ile. Nimeuza mbuzi wawili, nina Sh15,500 mkononi.

Mwenyekiti_Mau (jioni)
Nimetoka kwao. Mama yake alinipa chai, pesa alizipokea bila kuhesabu. Kijana alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni kwa mkono mmoja. Nilimngoja mpaka giza likaingia, hakuja mbele. Nilipofika langoni aliniita, akasema maji ya kile kisima yako futi 52, alipima na baba yake 2019.

Fundi_Bomba
52 bado ni mbali. Mwambie nampigia saluti.

Mjomba_Webuye
Mwenyekiti, hiyo pikapu ni ya mwaka gani? Na ni dizeli ama petroli? Mimi natafuta ya kubebea miwa.